Mita ya Marehemu

Siku ya kugawa vitu vya marehemu baba, koti la mvua lilimwendea baba mdogo, redio ikabaki kwa mama, na mita ya kupimia stima akapewa kaka yangu. Mimi, niliyejifunza kazi ya stima kwa mikono ya baba mwenyewe, nilipewa kazi ya kuwamiminia wazee chai. Sikushangaa. Msichana aliyeolewa ni wa kwa watu, na vitu vya baba hugawiwa walio wa nyumbani. Hilo nilikuwa nalijua, nikalimeza pamoja na chai. Lakini naomba ieleweke mapema: hasira ninayoisimulia hapa si wivu wa urithi. Mita ile nisingeikubali hata wangenipigia magoti.

Ilikuwa ya dijitali, ya manjano, ile inayoonyesha namba kwenye kioo kidogo. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimepasuka, kikashikiliwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Nyaya zake mbili za kupimia, nyekundu na nyeusi, zilikuwa zimezungushiwa tepu kila mahali plastiki ilipochunika. Sasa, fundi wa stima anamtegemea nani? Anaitegemea mita. Ndiyo inayomwambia waya huu uko hai, huu umekufa. Ikidanganya, kwisha habari yake. Nilipomwona kaka akiipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha kama anayepokea sakramenti, nilianza kuhesabu tepu kwenye zile nyaya.

Sisi wote wawili ni mafundi. Mimi niko mjini Kisumu, na kazi yangu zaidi ni friza za akina mama wauza samaki kule Dunga. Kaka alibaki nyumbani upande wa Pap Onditi, na yeye ni mtu wa mashine za kusaga unga. Friza ni friza, unaichomeka ukutani. Mashine ya kusaga inakula fezi tatu, yaani nyaya tatu zilizo hai kwa pamoja, na stima yake inatoka karibu moja kwa moja kwenye transfoma. Pale ukikosea hutikiswi na kuachwa. Pale ni moto.

Kwa hiyo siku ileile, vikombe havijaoshwa, nilimwomba kaka anipe bisibisi niifungue ile mita nione fyuzi yake. Fyuzi ndiyo inayojitoa mhanga fundi akikosea: inaungua yenyewe ili mkono usiungue. Kaka alinicheka. Alisema kitu kilichotolewa na wazee mbele ya watu hakifunguliwi na dada mtu, tena kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Baba aliitumia maisha yake yote na akafa kitandani kwa ugonjwa, stima haikumgusa. Nikamwambia hata mlevi huvuka barabara ya Kakamega akiimba, akafika ng'ambo. Hakulipenda hilo. Nikaona nisigombane matangani. Nikasema basi nitamnunulia nyingine, na yeye akajibu kwamba mkono wa dada haukataliwi.

Haya, kaninunulie mita nzuri Kisumu, wewe unayesoma, halafu uniambie presha yako imepanda mpaka wapi.

Nilianzia soko la Kibuye, si kwa sababu nilitegemea kupata, bali kwa sababu kila fundi ninayemjua huanzia huko. Kijana wa kwanza aliniuliza mzee ananitaka nimnunulie ya kufanyia kazi gani. Mzee gani? Mume aliyenituma, akasema, nimpigie simu waongee kiume ili nisipotee. Mzee wangu ni mwalimu wa Kiingereza. Ukimpa fyuzi atakuuliza inamezwa kabla ya chakula au baada. Nikamwambia kijana kwamba fundi ni huyu aliyesimama mbele yake, akatabasamu vile mtu anavyotabasamu mtoto akimwambia atakuwa rubani.

Akanipangia mita sita mezani, zote orijino, kwa maneno yake. Na zote, hata ile nyepesi kama ganda la yai, zilikuwa zimeandikwa usoni CAT III, volti elfu moja. Maandishi hayo si mapambo. Yanasema mita inaweza kuvumilia vishindo vya stima mahali gani: soketi ya nyumbani ina kiwango chake, bodi ya jengo na mashine za fezi tatu zina kiwango cha juu zaidi, na pale waya wa nguzo unapoingilia ni juu zaidi tena. Kadiri unavyoisogelea nguzo, ndivyo mita inavyotakiwa kuwa na kifua. CAT III ni ahadi kwa mtu kama kaka yangu. Na hawa watu wameichapisha ahadi hiyo juu ya kitu ambacho ukikiangusha kinavunjika vipande vitatu.

Nikaomba bisibisi. Akasema ukifungua umenunua. Nikamwambia sawa, lakini nikikuta nilichotarajia nitasimama hapa mbele ya meza yako mpaka jioni nikiwaeleza wateja. Akanipa. Ndani kulikuwa na fyuzi moja ya kioo, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Kwenye fezi tatu fyuzi ya namna hiyo haizimi kitu. Kawaya kake kanayeyuka, moto unaruka lile pengo na kuendelea na safari, kioo chenyewe kinapasuka. Na tundu la kupimia ampea kumi lilikuwa halina fyuzi kabisa. Halina! Shaba tupu kutoka tundu hadi tundu. Pembeni mwa tundu lenyewe, kwa herufi za kumpa mtu macho mabovu, waliandika wenyewe kwamba halina fyuzi. Yaani mtu anakuuzia paa lisilo na mabati, kisha anakuandikia chini ya kitanda kwamba likinyesha utalowa.

Nilimwonyesha kijana. Akasema, lakini imeandikwa CAT III. Imeandikwa! Hata tuktuk zimeandikwa nyuma Mungu ndiye dereva, na kila wiki tunaziokota mtaroni. Nikamuuliza fyuzi ikiungua, ya badala inapatikana wapi. Hapo ndipo alipotaka kunisaidia kwa moyo mweupe kabisa. Akaniambia fyuzi za nini, mafundi wote wanavua kinyuzi cha shaba kwenye waya mbovu, wanakizungusha pale fyuzi ilipokuwa, na mita inaamka. Alisema hivyo kama mtu anayekufundisha kuwasha jiko bila mafuta. Niliondoka kabla sijasema neno la kunipeleka kwa padri.

Mjini kati nilizunguka duka baada ya duka, na kila mahali ni wimbo uleule. Mmoja aliniambia mita ni mita, tofauti ni rangi. Mwingine aliapa kwa jina la mama yake. Mwishowe niliingia duka la Mhindi mmoja mzee ambaye familia yake iko Kisumu tangu enzi za babu yake, na ambaye anaongea Dholuo safi kunishinda. Nilimwambia nataka ya fezi tatu na nataka kuifungua. Akanisukumia bisibisi, kisha akapanda kingazi akashusha boksi lenye vumbi. Akaanza kulalamika. Watu wanakuja kuishika, wanauliza bei, wanafyonza, wanaenda kununua ile nyingine. Kisha wanarudi, akasema, wakirudi.

Niliifungua pale kwenye kaunta. Fyuzi zake zilikuwa mbili, nene, za kauri nyeupe, zilizojazwa mchanga ndani. Mchanga ule ndio unaofunika moto kabla haujaruka. Nyaya zake zilikuwa laini na nzito, nazo zimeandikwa kiwango kilekile cha mita, maana mita nzuri yenye nyaya mbovu ni kama kondomu yenye tundu, na nimesema hivyo mbele ya padri pia. Kwenye vishikio kulikuwa na ukingo wa kuzuia vidole visiteleze kwenda kwenye ncha. Na kilichonifurahisha zaidi, ukiuacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea huku umezungusha swichi kupima volti, mita yenyewe inapiga kelele. Inakufokea kabla hujagusa kitu. Nilijaribu mara kadhaa pale dukani, na kila mara ilinifokea. Bei ilinifanya nishike kaunta. Nikalipa.

Jumapili nilimpelekea kaka. Mama alisema haiwezi kufunguliwa bila maombi, basi ikaombewa. Kaka alifurahi kweli, siwezi kumsingizia. Aliipima kwa kiganja, akasikia uzito wake, akasema hii ni ya wazungu. Nikamwelekeza: ukimaliza kupima ampea, waya mwekundu urudi tundu la volti palepale, kabla hujapangusa jasho. Sababu ni kwamba tundu la ampea ni njia wazi. Ukigusisha nyaya kwenye stima hai zikiwa huko, umeunganisha fezi na fezi kama mtu aliyeziunganisha kwa kijiko. Alisema anajua, yeye si mtoto. Nikarudi Kisumu nikalala usingizi mzuri.

Nilipokuja tena kijijini ilikuwa msimu wa palizi. Niliingia sebuleni kwa mama, na pale kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni na sahani zenye maua, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, ilikuwa ile mita. Kwenye boksi lake. Nailoni haijatolewa.

Nilidhani naota. Mama, maskini, alikuwa na fahari. Kila mgeni huonyeshwa, alisema, na huambiwa ni dada mtu aliyeileta kutoka Kisumu. Kaka aliileta kwa mama kwa sababu watoto wake mwenyewe wangeivunja. Na kwenye mashine kuna vumbi la unga, kitu kizuri kama kile kitachafuka. Nilimwita kaka. Nilimuuliza mlikuwa mnamngojea mgeni gani. Mkuu wa nchi? Akajibu kwa utulivu wake ule unaoniudhi kwamba ile ni ya kazi kubwa. Kazi gani kubwa kuliko fezi tatu, ndugu yangu? Unangoja kuitwa kwenye bwawa la kuzalisha stima la Sondu? Akasema ya baba imezoea vumbi, na mkono wake umeizoea.

Sisi watu sijui tumelogwa na nani. Kitanda kizuri ni cha mgeni, shuka safi ni ya mgeni, kikombe kizima ni cha mgeni, sisi wenyewe tunakunywa kwenye kilichovunjika mkono. Hilo naweza kucheka nalo. Lakini kuweka uhai wako kabatini ili wageni wauone! Niliitoa kwenye boksi nikachana nailoni kwa meno, nikamkabidhi mkononi. Aliishika mpaka nilipopanda boda. Nimeambiwa baadaye kwamba vumbi la ile boda halijatua, alikuwa amekwisha kuirudisha.

Simu ilinikuta Dunga, asubuhi, mkono wangu ukiwa ndani ya friza. Alikuwa mama mwenye mashine ya kusaga, na nilichosikia kwanza ni vilio nyuma yake.

Haya ndiyo yaliyotokea, kwa maelezo yake na ya kaka mwenyewe. Siku iliyotangulia kaka alikuwa ameitwa kanisani kuangalia betri ya sola, akapima ampea kwa mita ya baba. Waya mwekundu ukabaki tundu la ampea. Asubuhi ya siku ya soko, mashine ikagoma, akina mama wamepanga foleni na mahindi yao, kila mtu anamharakisha. Kaka akafungua sanduku la swichi ukutani. Kile kibanda hakina hata ubao wa kuwekea kitu, basi mita akaibeba kwenye kiganja cha kulia. Waya mmoja akaubana kwenye fezi kwa klipu, mwingine akaushika kwa mkono wa kushoto, akagusa fezi ya pili. Mama mwenye mashine anasema ulitokea mwanga kama wa welding na mlio kama tairi la lori. Mita ilipasukia mkononi. Walipomwondoa pale, unga ulikuwa umemganda usoni na nyusi zake hazikuwepo.

Macho yalipona, na namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, hata siku ambazo sina hamu ya kuongea naye. Mkono wa kulia ndio ulioliwa. Nilimkuta wodini Kisumu, bandeji mpaka kiwikoni, akaniuliza kama mashine imetengenezwa. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, kisha nikalaani. Nilimlaani kijana wa Kibuye, nikalaani viwanda nisivyovijua, nikalaani kabati la mama. Msiba wa kujitakia hauna kilio, ndivyo watu wanavyosema. Uongo mtupu. Una kilio kuliko yote.

Lakini bado sijafika mahali penyewe. Kaka aliporudi nyumbani, jamaa walikusanyika kumpa pole, na baba mdogo akasimama kuongea. Alisema wazee wamekaa, wamelitafakari jambo hili. Stima si mpya nyumbani hapa. Marehemu aliicheza maisha yake yote na haikumdhuru. Kilichokuwa kipya ni nini? Ni mita ngeni, iliyoletwa kutoka mjini na kuombewa hata kabla machozi ya msiba hayajakauka, ikawekwa mahali pa heshima, huku ya kwake ikiachwa vumbini. Marehemu amekasirika. Kwa hiyo binti aliyeileta anunue kuku, aombe radhi, na ile mita irudi ilikotoka.

Watu waliguna kukubali. Mama aliangalia chini. Na mimi nilihisi damu imenipanda mpaka masikio yakaziba. Mimi! Mimi niliyezunguka mji mzima nikidharauliwa na kila mwenye meza, ndiye niliyemuunguza ndugu yangu, kwa mita ambayo haikufika kazini hata siku moja!

Mama mwenye mashine alikuwa ameniletea mabaki ya ile ya baba, ameyafunga kwenye pakiti tupu ya unga. Niliyaendea, nikayamwaga mezani mbele ya baba mdogo, katikati ya vikombe. Nikachukua bisibisi. Safari hii sikuomba ruhusa. Skrubu zilizobaki zilitoka, kile kipande cha nyuma kikaachia, na mahali pa fyuzi, kwenye vile vishikio viwili vilivyoungua, palikuwa na mabaki ya shaba. Si fyuzi iliyoungua. Waya, nyuzi kadhaa zimesokotwa pamoja, na upande mmoja uliosalia ncha imekunjwa ndani mara mbili ili isimchome mtu kidole. Katika mafundi wote niliofanya nao kazi ni mmoja tu niliyemwona akikunja waya namna hiyo.

Sauti yangu haikuwa ya heshima, nakubali. Nilisema, "Baba mdogo, hii si hasira ya marehemu. Ni huu waya. Na aliyeuweka ni yeye."

Kisha baba mdogo akasema niketi chini, kwamba mtoto hamtemei baba yake mate kaburini, na wengine wakaanza kuinuka. Ndipo kaka, aliyekuwa kwenye kiti chake tangu asubuhi, akanyanyua ule mkono wa bandeji.

"Mwacheni nyamera," akasema. Dada yangu, mwacheni. "Huo waya niliuona. Niliifungua wiki ileile ya mazishi, kabla ya mgao, peke yangu. Nikaona ni mkono wa baba. Ningeutoaje?"

Alikuwa amejua. Siku ile anakataa nisiifungue, miezi ile yote nikimwomba, siku ile nachana nailoni kwa meno, alikuwa anajua kabisa kilicho ndani, na kila asubuhi alikichukua akaenda nacho kwenye fezi tatu, kwa sababu aliyekiweka ni baba. Nilimwambia kwamba kama si bandeji ningempiga kofi mbele ya wazee wote. Alicheka kidogo. Mama ndiye aliyelia.

Kuku sikununua. Baba mdogo hanisalimii vizuri mpaka leo, na sina haja.

Watu wananiambia nisamehe, kwamba kaka alifanya kwa heshima. Nami nimemsamehe, ni ndugu yangu, nitampeleka wapi. Heshima yenyewe ndiyo sijaisamehe. Bandeji ilitolewa zamani, lakini kidole gumba na cha shahada havikunjiki. Ugali anaula kwa mkono wa kushoto, katika boma lileile tulimochapwa kwa kuunyoosha tu huo mkono kwenye chakula, na wanawe wameambiwa wasimwangalie.